Tabibu na Mpima Maji: Mhadhara Uliotolewa Idsowe, Delta ya Tana

Wazee wetu wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, baraza la Waorma, mama zetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana ambao kwa ajili yenu hasa kikao hiki kimeitishwa: nimeombwa niseme juu ya shahada za vyuo vikuu katika fani za siha, mazingira na maumbile, nami nimeitikia kwa moyo mkunjufu, ingawa najua kwamba maneno ya namna hii aghalabu husemwa Nairobi, na watu ambao Mto Tana wameuona katika ramani tu, au wameupita usiku ndani ya basi la Lamu hali wamelala. Kwa rai yangu hapana mahali pafaapo kuyasema kuliko Idsowe, penye daraja, penye mashamba na miembe ya Wapokomo, na penye njia za ng'ombe wa Waorma zishukazo mtoni, kwa sababu hapa yale mambo matatu ambayo vyuo vimeyatenga katika majumba mbalimbali, yaani mwili wa mwanadamu, ardhi aikanyagayo na viumbe aishio navyo, hayajapata kutengana hata siku moja.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili asiyeikubali apate wasaa wa kuipinga moyoni kadiri niendeleavyo. Sisi watu wa nchi hii tumezipanga shahada hizi kwa daraja za heshima, na mpango wetu umepinduka. Tumemweka tabibu juu kabisa, chini yake mfamasia, kisha muuguzi, tukashuka hivyo hivyo mpaka tukamfikia mwanafunzi wa mazingira, wa maji, wa malisho, wa samaki na wa afya ya jamii, ambaye akirudi nyumbani na barua yake ya kuingia chuoni tunampa pole badala ya hongera. Nami nasema kwamba katika nchi ya mafuriko na kiangazi kama hii, huyo tumpaye pole ndiye tumhitajiye kwanza, na kwamba tabibu, awe hodari namna gani, bila ya mwenziwe huyo atashinda akichota maji ndani ya mtumbwi ambao hakuna aliyetazama ulipopasuka.

Mtazameni mzazi siku idara ya KUCCPS inapotangaza ni nani amepangiwa chuo gani. Akisikia udaktari, huchinja mbuzi. Akisikia uuguzi, huchinja kuku. Akisikia sayansi ya mazingira, huuliza kama hiyo ndiyo kazi ya kufagia soko la Garsen. Twacheka, na ni haki tucheke, lakini chini ya kicheko hiki yapo madhara ya kweli, maana kijana mwenye akili nzuri huingia katika fani hizo kwa shingo upande, husoma kwa kadiri ya kufaulu mtihani tu, na akiisha kuvaa joho huanza kutafuta kazi ya benki.

Si ajabu tukawa hivyo. Serikali ya kikoloni ilipofikiri kuwapa Waafrika wa Mashariki elimu ya juu, ilianza Makerere, chuo kilichofunguliwa mwaka 1922, na mafunzo ya utabibu yalikuwa miongoni mwa ya mwanzo kutolewa pale, kwa kuwa serikali ilihitaji wasaidizi katika hospitali zake. Nairobi ikapata kitivo chake cha udaktari mwaka 1967. Lakini masomo ya mazingira kwa jina lake yalingoja sana, na hapa Kenya yalipata nafasi ya mbele kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Kwa hiyo mzee aliyekulia Ngao au Golbanti, akawaona wamisheni wakija na dawa na Biblia, alijua watu watatu tu wa kalamu: daktari, mwalimu na karani. Hakupata kumwona mtu anayelipwa kwa kuutazama mto.

Sasa nataka kuithibitisha hoja yangu kwa kisa, na kisa chenyewe mwakijua kuliko mimi, kwa kuwa kilipita mlangoni mwenu. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua za vuli zilinyesha kupita kiasi kutoka Garissa mpaka baharini. Maji yakatanda mbugani yasiondoke, mbu wakazuka kwa wingi usio wa kawaida, kisha kondoo, mbuzi na ng'ombe wakaanza kuharibu mimba, na baada yao wachungaji na wachinjaji wakashikwa na homa kali, wengine wakatokwa na damu. Desemba ile ikabainika kwamba ni homa ya Bonde la Ufa, na hata ilipofika Machi 2007 wagonjwa 684 walikuwa wamehesabiwa nchini Kenya, na 155 miongoni mwao walikuwa wamefariki dunia. Minada ya mifugo ikafungwa, nyama ikakosa mlaji, na mtu ambaye mali yake yote ina miguu minne akajikuta maskini bila ya kuugua hata siku moja.

Maradhi haya hayakuwa mageni kwa wanazuoni. Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, wakishirikiana na tabibu Garnham, waliyaeleza katika mwaka 1931 baada ya wanakondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Nami nawaomba mzingatie kwamba tangu mwanzo ilihitajiwa elimu ya mnyama na elimu ya mwanadamu zikae meza moja ndipo ugonjwa ufahamike. Baadaye ikajulikana kwamba virusi vyake hupita kutoka kwa mbu wa jamii ya Aedes hadi katika mayai yake, ambayo hutagwa katika udongo wa mabonde yatuamishayo maji, na kwamba mayai hayo huweza kustahimili ukavu miaka mingi, yakingoja mafuriko yayafunike yapate kuanguliwa. Basi maradhi haya kabla hayajawa jambo la hospitali ni jambo la udongo, na kabla ya udongo ni jambo la mvua, na kabla ya mvua ni jambo la joto la bahari.

Na hili ndilo linalonisumbua katika kisa hiki. Wanasayansi wa NASA huko Marekani, wakipima joto la bahari na ukijani wa nchi kwa vyombo vilivyo angani, walikwisha kutoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa, wakataja kwamba Pembe ya Afrika imo hatarini. Tena watafiti waliokuja baada ya msiba kuwauliza wafugaji wa Kisomali wa kaskazini-mashariki, ng'ambo ya mto huu, walikuta kwamba wafugaji wale nao waliitambua hatari kabla ya idara za mifugo na za afya: waliiona mvua, waliwaona mbu, waliziona mimba zikiharibika, na ugonjwa wenyewe walikuwa na jina lake, sandik, waliloliweka akilini tangu mafuriko ya 1997. Chombo cha angani kilijua, na mchungaji wa malishoni alijua. Aliyekosekana ni mtu wa katikati, aliyesoma hesabu za joto la bahari akazifahamu, na papo hapo akawa na makao na heshima malishoni kiasi cha kuambiwa na mzee, kabla ya siku kupita, kwamba kundi fulani limeanza kuharibu mimba. Mtu huyo hatoki katika shahada ya udaktari peke yake. Hutoka katika tiba ya mifugo, katika elimu ya wadudu, katika elimu ya hali ya hewa, katika epidemiolojia, nayo ni elimu ya kufuatia nyayo za maradhi katika umma wa watu badala ya mwili mmoja. Na zaidi ya yote hutoka hapa, kwa sababu lugha ya malisho na ya mashamba haifundishwi katika chuo chochote.

Majirani zenu wa Lamu wana kisa cha namna hiyo hiyo kilichokwenda kinyume. Mwaka 2004 kisiwa kile kilivamiwa na homa ya chikungunya, hata ikakadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa, na mwaka uliofuata homa ikavuka bahari mpaka Ngazija. Huku kwenu mbu walikuja na mafuriko. Kule walikuja na ukame, maana watu kwa kukosa mvua waliweka maji majumbani katika mapipa na mitungi, na mbu wa Lamu wakapata mazalio ndani ya kuta za mawe. Tabibu aliyekaa zahanati akisubiri wagonjwa asingeweza kuona kwamba dawa ya homa ile ilikuwa kifuniko cha pipa. Na Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanza kazi mwaka 1989, ilithibitishwa katika miaka ya 1990, kwa kuvigawa vijiji mafungu mawili na kuhesabu kwa saburi nyingi, kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa kiasi cha theluthi moja. Theluthi moja! Hapana mpasuaji aliyepata kuokoa watoto kwa kiasi hicho kwa kisu chake, na hata hivyo sijapata kumsikia mzazi akimwombea mwanawe awe mhesabu vyandarua.

Nije sasa kwenye mto, maana mtu hawezi kusema saa nzima Idsowe bila ya kuutaja. Tana huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, ukateremka kiasi cha kilomita 1,000 hata ukamwaga Kipini, na njiani umefungwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa haya yameleta nuru kwa nchi, wala sitaki kusikika nikiyatukana, nami nimesoma chini ya taa zake. Lakini delta hii iliumbwa na mafuriko. Mto ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ukaleta rutuba, ukanywesha misitu ya kando, ukajaza maziwa ya samaki na kuisukuma chumvi irudi baharini. Na mkulima alipanda mpunga wake akifuata maji yalivyopanda na kushuka. Bwawa likiyakamata maji na tope lake, yale mafuriko madogo yenye manufaa hupungua, hali yale makubwa yenye maangamizi hayazuiliki, kwa kuwa bwawa likijaa pomoni halina budi kuachia. Na ndivyo ilivyokuwa katika 2018, na katika 2023 na 2024, watu walipohama na vyombo vyao vichwani kwenda kukaa mahemani juu ya tuta la barabara.

Nawauliza vijana: ni nani kati yenu awezaye kutwaa hesabu za kina cha maji kule Kiambere na kutuambia maji hayo yatafika Garsen baada ya siku ngapi, na yatapanda mpaka kwenye shamba la nani? Hiyo si ramli. Ni haidrolojia, hufundishwa kwa hesabu na fizikia ya kidato cha nne iliyopandishwa daraja, na mwenye kuijua angeweza kuokoa mbegu, kuku, vitabu vya shule na roho za watu kwa kutoa neno mapema. Wala msidhani kwamba ujuzi wa maji ni jambo la kuletewa. Katika karne ya 19 wenyeji wa huku walichimba mfereji wa Belezoni wakauunganisha Tana na mto wa Ozi, hata maji ya mto mkubwa yakaacha njia yake ya kale yakaelekea Kipini. Walikuwa wahandisi wasio na vyeti. Ilhali mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, uliojengwa kwa mitambo na wataalamu, kuta zake zilivunjwa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998. Simkejeli mtu. Nataka kusema kwamba mto huu umewashinda wenye shahada na umewahi kuwatii wasio nazo, na kwa hiyo mwenye kuusomea na auendee kwa adabu.

Adabu hiyo ilikosekana ulipoletwa mti wa mathenge. Uliletwa Bura na Hola katika miaka ya mwanzo ya 1980, kutoka Amerika kwa asili yake, ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni, na aliyeuleta hakuwa na nia mbaya, tena bila shaka alikuwa na shahada. Leo umekula malisho, umeziba njia za kushukia mtoni, miiba yake imewatoboa ng'ombe kwato, na kuung'oa ni kazi isiyokwisha. Elimu ya mimea iliyosoma jani na mbegu, isisome mchungaji anapita wapi na kundi lake, ilikuwa nusu ya elimu.

Na tangu Agosti 2012 hadi Januari 2013, wazee wangu, mnajua yaliyotokea hapa kwetu, roho zaidi ya mia zikapotea, Wapokomo na Waorma, katika ugomvi ambao ndani yake yalikuwamo mashamba, malisho na malka, yaani njia za kushukia mtoni kunywesha mifugo. Sitayafukua mbele ya waliofiwa. Ila nasema kwamba yako masomo, yaitwayo usimamizi wa malisho na upangaji wa matumizi ya ardhi, ambayo kazi yake ni kukaa na watu kama ninyi na ramani mezani, kupima ni ng'ombe wangapi watanywa wapi na mwezi gani, na shamba liishie wapi ili njia ibaki. Na ningependa kuona kijana wa Kipokomo na kijana wa Kiorma wakiyasoma katika darasa moja.

Mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya serikali. Lakini kumbukeni kwamba delta yenu, kwa hekta 163,600, iliandikwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima, na kwamba miaka michache kabla ya hapo ilikuwa ikitakwa kwa mashamba makubwa ya miwa. Kila mradi wa namna hiyo, kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, sharti utanguliwe na ripoti ya athari zake, na ripoti hiyo huandikwa na wataalamu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa Kiingereza kizito, kurasa juu ya kurasa, na wananchi hupewa muda mfupi wa kutoa maoni. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2013 kwamba mipango ya ardhi ya delta itayarishwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Lakini mwenyeji asiyeweza kusoma jedwali la chumvi ya maji atashirikishwaje, ila kwa kutia sahihi ya kuhudhuria na kunywa soda? Kijiji chenye mtoto wake mwenye leseni ile hakiwezi kudanganywa kwa picha za rangi.

Hapa nataka kukumbusha jambo moja la Hola, makao makuu ya kaunti yetu. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walikufa katika kambi ya kizuizini pale, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji yakasingiziwa. Ni uchunguzi wa maiti, kazi ya matabibu wenye visu na daftari, uliothibitisha kwamba waliuawa kwa kipigo, na ukweli huo ukafika mpaka Bunge la Uingereza ukaitikisa serikali ile. Huwa nawapa wanafunzi kisa hiki waniulizapo kemia na anatomia zina faida gani kwa mtu mnyonge. Mwenye nguvu anaweza kuandika katika taarifa yake chochote apendacho juu ya maji, maadamu hapana aliyesomea kuyapima.

Basi masomo haya yako wapi? Karibu zaidi nanyi ni Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilichokuwa zamani taasisi ya kilimo na kikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, chenye shahada za sayansi ya mazingira, za biolojia ya bahari na uvuvi, za kilimo na za uuguzi. Mombasa kiko Chuo Kikuu cha Kiufundi, ambacho asili yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyojengwa baada ya Vita vya Pili kwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya serikali, na ambayo sasa hufundisha maabara ya tiba miongoni mwa mengine. Juu ya mto huu huu kiko Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopoteza watu 148 tarehe 2 Aprili 2015 na kikafunguliwa tena mwaka uliofuata, jambo ambalo mimi nalihesabu katika ushujaa. Kabete, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiko kwenye tiba ya mifugo na elimu ya malisho. Na mwenye kutaka kuvuka mpaka asisahau Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, wala Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1978.

Udaktari wa watu huchukua miaka sita, wa mifugo mitano, na nyingi katika shahada nilizozitaja minne. Alama ya chini ya kuingia shahada ni C+, lakini alama hiyo ya jumla haitoshi, kwa kuwa kila fani ina masomo yake iliyoyatanguliza, na katika fani zetu hizi masomo hayo ni biolojia, kemia, hesabu na fizikia au jiografia. Nalisema hili kwa ukali kidogo: msichana wa kidato cha pili akiacha fizikia kwa sababu shule haina maabara, au kwa sababu mwalimu amemwambia kwamba fizikia ni ya wavulana, amekwisha kufungiwa nusu ya milango hii naye ana miaka 15 tu, na hakuna basari ya kaunti itakayoweza kuifungua. Jambo jingine la tahadhari ni kwamba si kila shahada yenye jina zuri inatambuliwa na baraza la kazi husika. Mwuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, tabibu na baraza lake, na afisa wa afya ya jamii na lake. Mzazi aulize kwanza kama chuo kimekubaliwa na baraza hilo, aulize kwa maandishi, kabla ya kuuza ng'ombe. Nimewaona vijana walioambiwa baada ya miaka minne kwamba hawawezi kusajiliwa, na hasara ya namna ile haina mtu wa kuilipa.

Kuhusu ajira sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wako wahitimu wa mazingira wanaoendesha bodaboda Minjila, na wako matabibu waliokaa nyumbani wakingoja kupangiwa vituo. Hata hivyo Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za afya, kilimo na mifugo, na kazi hizo sasa hutangazwa Hola badala ya Nairobi. Na mimi siwezi kufahamu kwa nini kaunti yenye mto mrefu kupita yote nchini ikodi wapima maji kutoka mbali, na kuwalipa posho ya safari juu ya mshahara. Hilo ni la kuwauliza waheshimiwa wetu, tena waulizwe katika vikao vya bajeti, ambako jibu huandikwa.

Sitaki kumaliza bila ya kuvilaumu vyuo vyenyewe. Kwa miaka mingi watafiti wamekuja katika delta hii, wakachota maji katika chupa, wakahesabu kima wa Tana, wakawatoboa watoto vidole, wakaondoka. Na matokeo yakachapishwa katika majarida ambayo Idsowe haiwezi kuyanunua wala kuyasoma. Si insafu. Chuo cha udaktari cha Moi kimewapeleka wanafunzi wake vijijini kujifunza kwa watu tangu kilipoanza, nacho hakikupungukiwa elimu kwa ajili hiyo. Basi vyuo vya pwani navyo viweke hapa Garsen nyumba moja ya kudumu, yenye maabara ndogo na kitanda cha mwanafunzi, ambapo wa uuguzi, wa mifugo, wa samaki na wa maji watakaa pamoja kwa muhula mzima, na kila utafiti ufungwe kwa baraza kama hili, kwa Kiswahili, mbele ya walioulizwa maswali. Wazee wakihojiwa juu ya mafuriko ya zamani, majina yao yaandikwe katika kazi hiyo pamoja na ya maprofesa.

Na ninyi wazazi, nina ombi moja. Mwezi wa kujaza fomu za KUCCPS ukifika, msimwachie mtoto aende peke yake kwenye duka la kompyuta Garsen akajaze anavyoelekezwa na mwenye duka. Kaeni naye siku moja kabla, mwiteni na mwalimu wa sayansi, na baada ya kuandika udaktari katika nafasi ya kwanza, kama moyo wenu unavyotaka, andikeni haidrolojia, tiba ya mifugo, malisho au afya ya jamii katika nafasi zinazofuata, kisha mtoto akiitwa katika mojawapo, mchinjieni mbuzi yule yule.